Cha Kunisaidia Maji

Wiki iliyopita jirani yangu alirudi kutoka kusini na mfuko wa ming'oko. Akaichemsha yote kwa mara moja, na ile harufu yake ya mizizi ya msituni, udongo uliolowa ukichanganyika na moshi, ikaruka ukuta na kunikuta nikikunja nguo. Wenzangu mliokulia kule mnaijua, na najua wengi wenu inawatia hamu. Mimi ilinipandisha hasira. Ni hasira ya mtoto aliyeahidiwa kitu asipewe, na nilishangaa kuikuta bado nzima baada ya ndoa, wajukuu na kuwazika wazazi wangu wote wawili.

Tulikaa Masasi, chini ya yale majabali, kwenye nyumba za walimu wa misheni. Mwingereza alikuwa bado anatawala, ingawa watu wazima walikuwa wameanza kunong'ona kwamba hatakaa sana. Baba alifundisha shule ya wavulana, na jioni ndiye aliyewafundisha mpira. Mimi, Hilda, nilikuwa mtoto wake wa kwanza, darasa la pili, na nilimpenda kwa namna ya kumfuata nyuma mpaka anigeukie na kuniuliza kama sina kazi.

Siku moja ya kipupwe alituambia timu yake imealikwa Newala kucheza na shule ya huko juu, na kwamba safari hii nitakwenda naye. Hakuna msichana aliyewahi kupanda lori la timu. Baba, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, alikaa barazani akanieleza yote nitakayoyaona. Kwanza Shimo la Mungu, pale ambapo uwanda wa Newala unakatika ghafla na mtu akisimama ukingoni anaona bonde lote mpaka mto Ruvuma, na ng'ambo yake nchi ya Wareno. Pili mechi yenyewe, ambayo ningeitazama nikiwa nimekaa upande wa walimu. Tatu midimu, wale wachezaji wanaofunika nyuso kwa vinyago vya mti, kwa kuwa ulikuwa msimu wa watoto kutoka jandoni. Alisema tutawatazama kwa mbali, maana sisi ni watu wa kanisa. Na chakula: ming'oko ya moto kwa chumvi, korosho zilizochomwa, ugali wa muhogo mweupe kuliko wetu. Alisema kule asubuhi ni baridi mpaka unatoa moshi mdomoni.

Niliposikia shimo nilielewa shimo. Nikawauliza wanafunzi wa baba kama huko juu kuna mito, wakanicheka, wakasema huko hakuna hata kijito, watu wanashuka mlima mzima kutafuta maji. Nikajifungia hesabu yangu mwenyewe: Mungu alipolichimba lile shimo, maji yote ya Newala yalitumbukia humo. Nilitaka sana kuyaona yakiwa yamejaa huko chini, Mungu akiyalinda.

Mama alinifungasha. Aliweka magauni yangu yote mawili, blanketi, na kibao changu cha kuandikia. Akanisuka nywele akizikaza mpaka macho yakanivutika. Nikamwambia zinauma. Akasema, "Zikae muda mrefu." Nilidhani ananipamba kwa ajili ya mechi. Asubuhi ya kuondoka hakutoka nje kutupungia, na hilo nalo nililipita bila kulitazama.

Lori lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, lililokwenda kufuata korosho za msimu uliopita na kupakia watu juu ya magunia matupu. Wavulana waliimba njia nzima. Mimi nilikaa mbele kati ya baba na dereva. Tulipoanza kuupanda mlima hewa ilibadilika, ikawa nyembamba na baridi, na udongo ukawa mchanga mwekundu. Kabla hatujafika mjini lori lilisimama kwenye kijiji cha nyumba chache zilizozungukwa na mikorosho, na baba akanishusha pamoja na fungu langu.

Pale aliishi shangazi. Nilikuwa sijawahi kumwona. Nyumbani jina lake la ubatizo, Esta, lilitajwa tu katika sala za jioni, kati ya wagonjwa na wasafiri, kwa sababu alikuwa ameolewa na Mwislamu wa huko juu na baba hakuwahi kumtembelea. Pale kijijini aliitwa Mama Zuhura, kwa jina la binti yake aliyekuwa ameolewa Tandahimba hivi karibuni. Alikuwa mwembamba, mrefu kama baba, na alitembea akiburuta kidogo mguu wa kushoto. Nikampigia magoti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akaliangalia lile fungu, kisha akamwangalia baba.

Walikwenda kuzungumza nyuma ya nyumba kwa Kimakua, kwa sauti za chini. Hawakukaa sana. Baba alirudi akaniambia timu italala shuleni mjini, mechi ni kesho alasiri, na atapita kunichukua mapema ili tuanze na Shimo. Akanishika kichwani. Kisha lori likaondoka.

Siku ile nilikula ming'oko kwa mara ya kwanza. Shangazi aliimwaga ya moto kwenye ungo, akanionyesha jinsi ya kuimenya na kuichovya kwenye chumvi, na mume wake, Mzee Bakari, mtu mpole ambaye alikuwa na kifua, akanichagulia ile minene. Ilikuwa mitamu. Nilikula nikifikiri nimeshaanza kupata nilichoahidiwa.

Alfajiri shangazi aliniamsha. Nikaruka nikidhani baba amefika, lakini alikuwa ameshika mtungi, na mimi akanipa debe dogo na ngata ya kanga. Akasema twende maji, tutarudi kabla ya baba yako. Nje ukungu ulikuwa mzito hata mikorosho haikuonekana. Wanawake wengine walijiunga nasi mmojammoja, wakisalimiana bila kuonana. Tukafika mahali ambapo njia ilianza kushuka, ikashuka, ikaendelea kushuka, mawe yakiteleza chini ya miguu, na mimi nikishika upindo wa kanga ya shangazi. Huko chini kabisa palikuwa na chemchemi ndogo iliyotoa maji polepole. Tulikaa foleni. Kisha ikaja safari ya kupanda.

Sijui niielezeje ile njia ya kupanda kwa mtu ambaye hajawahi kuipanda na debe kichwani. Nililia, na machozi sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono yote ilikuwa juu. Jua lilikuwa limeshapanda tulipokaribia kijiji, na hapo tukasikia ngoma. Nikamwambia shangazi hao ndio midimu, tuharakishe. Akasema ameshaharakisha kadiri goti lake linavyotaka. Tulipofika uwanja ulikuwa mtupu. Watoto wa pale walikuwa bado wanatetemeka kwa furaha, wakinisimulia kwa Kimakonde nisichokielewa, wakiniigia jinsi yule mwenye kinyago alivyowafukuza. Kilichobaki kwenye mchanga kilikuwa ni nyayo tu.

Niliikunja hasira yangu kwa sababu mechi na Shimo vilikuwa bado. Nikanawa. Nilitumia maji kama tulivyotumia nyumbani, nikimwagia mikono mpaka viwiko, na shangazi alisimama akitazama maji yakinywewa na mchanga. Nikavaa gauni langu la Jumapili, nikaenda kukaa kando ya barabara.

Nilikaa. Jua likapita juu ya kichwa changu, likaenda upande wa pili. Shangazi aliniletea chakula, nikakataa nisije nikachafua gauni. Baba hakuja kunipeleka kwenye Shimo, nikajiambia basi, tutakwenda baada ya mechi. Hakuja kunipeleka kwenye mechi. Nikajiambia amechelewa, nitaona mwisho wake. Jua lilikuwa limeshapoa niliposikia lori, na kabla sijaliona nilisikia wavulana wakiimba wimbo wa ushindi. Nikasimama, nikajipangusa vumbi.

Lori halikusimama. Lilipita mbele yangu kwa kasi, limejaa magunia na wavulana juu yake, na mbele, karibu na dereva, alikuwa baba. Alinyanyua mkono kama mtu anavyompungia mpita njia. Nilikimbia nyuma yake nikiita mpaka vumbi likanijaa kinywani, na nikaendelea kukimbia hata sauti ya injini ilipokwisha. Shangazi ndiye aliyenifuata, na goti lake lile, akanirudisha kwa mkono.

Sasa msikilize akili ya mtoto. Sikuwaza hata kidogo kwamba baba ameniacha. Nilichowaza ni kwamba breki zimekatika. Nilikuwa nimewasikia wavulana wakisimulia lori lililokatika breki mlimani, na nilijua hakuna sababu nyingine ya lori la baba yangu kunipita. Kwa hiyo wakati Mzee Bakari na shangazi wakinong'onezana, mimi nilikuwa namlilia baba aliyeanguka bondeni na timu yake nzima. Siku zilizofuata kila lori lililopita nilitoka kuuliza habari za ajali. Madereva walinitazama tu.

Kumbe shangazi naye alikuwa anangoja. Baadaye nilijua kwamba nyuma ya nyumba baba alimwambia mtoto atakaa kidogo, na yeye hakuuliza kidogo ni kiasi gani, kwa kuwa walikuwa hawajazungumza miaka mingi na hakutaka kuanza kwa ugomvi. Alipoona siku zinapita alimtuma dereva mmoja amuulize Mwalimu atakuja lini. Dereva yule alirudi na jibu, akalitoa barazani mbele yangu bila kujua mimi ni nani. Mwalimu hajambo. Anasema dada yake aliomba msaada wa maji, msaada ameupata, ashukuru Mungu.

Baba alikuwa mzima. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko ajali yote niliyokuwa nimeiota. Mwalimu aliyewachapa watoto wa wenzake kwa kukosa shule alikuwa amenitoa mimi darasani, akaniacha mlimani nichote maji.

Nikawa mtoto mgumu. Ming'oko niliikataa, nikasema inanuka. Watoto wa pale waliponiita kucheza niliwageuzia mgongo. Kitu kimoja tu nilikishikilia, kila siku nikimuuliza shangazi ni lini atanipeleka kuliona Shimo la Mungu. Kila siku alijibu kwamba utaliona tu, lipo hapo haliendi popote, na kwamba leo kuna muhogo wa kumenya. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka. Mtu anayetumia nusu ya siku kutafuta kitu cha kunawia uso hana nafasi ya kumtembeza mtoto atazame mandhari.

Siku moja Mzee Bakari alinihurumia. Kabla wanawake hawajaamka alinichukua, akikohoa njia nzima, mpaka mahali karibu na mjini ambako alisema ndipo penyewe. Mbele yetu palikuwa na ukungu. Ulikuwa mweupe kama unga, ukianzia kwenye ncha za vidole vyangu na kuendelea mpaka mwisho wa dunia. Tulingoja, yeye akijifunika kanzu na shuka kwa baridi, ukungu usitikisike, mpaka akasema turudi, shangazi yako atashuka peke yake. Niliamini Mungu amelifunika makusudi. Niliamini ameniona nakuja.

Hivyo ndivyo msimu ulivyokwenda. Mikorosho ikatoa maua, mabibo yakaiva, yakaanza kudondoka na kuchachuka juani. Nywele alizonisuka mama zilikuwa zimeshafumuka zote. Nikajua kunawa kwa viganja viwili tu vya maji, na maji yale yale kuyamwagia mche wa mpapai. Nikaweza kupanda mlima bila kushika upindo wa mtu.

Halafu nikaanguka. Tulikuwa tumeshapita sehemu mbaya, karibu kabisa na juu. Jiwe likaviringika, nami nikaenda nalo, debe likanipiga kidevuni. Nakumbuka damu kwenye gauni, na zaidi ya damu nakumbuka sauti ya maji yangu yakiteremka njiani. Shangazi alitua mtungi wake. Akanitazama kidevu, akanifunga kwa ukaya wake wa kichwani, akanibeba mgongoni. Mtungi uliojaa, maji ya nyumba nzima, aliuacha pale njiani kwa yeyote atakayepita. Wanawake wenzake walimwita, wakamwambia mtoto atatembea. Alipanda na mimi, goti likimlia, na nilikuwa mkubwa wa kutosha kujua kwamba siku hiyo hatutapika.

Keshokutwa yake, Jumapili, alinivalisha, akasimamisha lori, tukashuka Masasi. Njia nzima nilinung'unika. Nilikuwa nimeelewa vibaya tena: nilidhani ananirudisha kwa sababu nimemwaga maji. Miezi yote ile nililia kurudi nyumbani, na sasa narudishwa, moyo wangu ulikuwa unawaka kwa kuonekana sifai. Nikamwambia kidevu kikipona nitabeba vizuri. Akaniambia ninyamaze, upepo utanikausha kidonda.

Watu walikuwa wanatoka kanisani tulipofika. Baba alikuwa amesimama mlangoni na walimu wenzake, amevaa koti lake. Aliponiona alitabasamu, kisha akamwona aliyenishika mkono, na tabasamu likaisha. Shangazi alijitengeneza kanga kichwani, akawaamkia wazee mmojammoja kama inavyotakiwa, wala hakuharakisha. Ndipo akamgeukia kaka yake.

Baba alimwahi. "Esta, mbona umekuja bila taarifa?"

"Taarifa nilileta. Ukanijibu nishukuru. Nimekuja kushukuru."

Akanivuta mbele, akaninyanyua uso kidevu kionekane.

"Baba Hilda," akasema, "nyumba yetu imepata mabati upande mmoja. Nilikutumia salamu unitafutie cha kunisaidia maji. Pipa, niliweke chini ya bati, mvua zikija lijae. Cha kunisaidia. Sikusema wa kunisaidia."

Baba alijibu kwa sauti ya chini, na nadhani alimaanisha alichosema. "Mimi nilikupa mwanangu. Kuna kitu kikubwa kuliko hicho?"

"Hakuna," akasema shangazi. "Ndiyo maana namrudisha."

Aliuachia mkono wangu. Nilisimama kati yao, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba kuanguka kwangu hakukuhusika, wala maji yangu. Nilikuwa nimetolewa badala ya pipa, na mtu wa pekee aliyeona si sawa ni yule ambaye angefaidika.

Niseme kabisa mambo yalivyokwisha, nisiwaache mkingoja mazuri. Baba hakupeleka pipa, si mwaka ule wala mwingine. Alisema ameaibishwa mbele ya kanisa, na akalishikilia neno hilo mpaka uzeeni. Mimi nilirudia darasa la pili, wenzangu wakanipita. Mabomba ya maji yalikuwa yameshafika Newala mjini, lakini kijiji cha shangazi kilingoja sana, na yeye aliendelea kuushuka ule mlima mpaka goti likamkatalia kabisa. Alifariki nikiwa chuo cha ualimu, na barua ya msiba ilinifikia baada ya arobaini. Shimo la Mungu sijaliona hadi leo. Kila nilipokwenda kusini palikuwa na mgonjwa, au mazishi, au gari halikungoja.

Lakini siku ile, baada ya kanisa, baba alibaki na wazee, na mama ndiye aliyetuongoza nyumbani. Kwetu kisima kilikuwa hatua chache tu kutoka jikoni. Alichota ndoo mbili zilizojaa, akazipeleka nyuma ya ua wa matete, akamwambia shangazi, "Wifi, kaoge vumbi la njiani. Mimi juu ya jambo hili sikuulizwa."

Nilikaa barazani na uji wangu. Nikamsikia shangazi akijimwagia kata moja, kisha kimya kirefu, kisha nyingine ndogo. Mama naye alisikia. Akamwambia kupitia matete, "Mwaga tu, wifi. Yapo."

Halafu ikasikika ndoo nzima ikimwagwa, maji yakipiga mawe kwa kishindo, na baada yake sauti ya shangazi akivuta pumzi. Mtiririko wa maji ukajitokeza chini ya ua, ukaanza kukimbilia bustanini. Niliangusha kikombe cha uji, nikakimbia, nikapiga magoti kwenye tope nikiukinga kwa mikono yote miwili, nikijaribu kuuziba kwa udongo, nikilia kwa hasira kwamba yanapotea, wakati mama amesimama pembeni na ndoo nyingine iliyojaa, aliyotoka kuichota kisimani, hajui aiweke wapi.